Pindo la Chiriku

Tangu walipomzika Chiriku, mama yake hakuwa amemwambia Mungu hata neno moja, na wala hakulificha hilo. Kanisani alikwenda, maana miguu ilishaizoea njia. Wakisimama alisimama, wakikaa alikaa, lakini wakifumba macho yeye aliyakodoa yake, akawa anakagua mishono ya migongo iliyokuwa mbele yake. Mingi ilikuwa ya kwake. Alikuwa fundi wa nguo, na nusu ya wanawake wa kanisa lile walikuwa wakimwomba Mungu ndani ya magauni aliyoyashona yeye.

Sasa huyo Chiriku, jina lake la ubatizo lilikuwa jingine, lakini nani alikuwa na habari nalo? Mtoto alianza kusema kabla hajajua kutembea, na tangu hapo hakuweka nukta. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini. Baba yake, fundi baiskeli, bwana wa maneno ya kuhesabika, alikuwa akisema mtoto amepewa maneno ya watu wawili, ndiyo maana yeye baba hakubakiwa na kitu. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na walimpata wakati watu wameshaacha hata kuwauliza. Mtaa mzima ulimwita mama yule Mama Chiriku, naye akiitwa hivyo alikuwa akiitika kabla jina halijaisha.

Tatizo lilikuwa moyo. Madaktari walisema moyo wa mtoto una tundu, na tundu la moyo si la nguo, kwamba utaweka kiraka ukamwambia mwenye nguo haya, nenda. Wakamlaza. Akawa anawaongelesha wagonjwa wa kulia na wa kushoto mpaka pumzi inakatika, anapumzika kidogo, kisha anaendelea pale pale alipoishia.

Umoja wa akina mama wa kanisa lile walikuwa na desturi yao. Mwenzao akiwa na haja nzito, hawakungoja jibu. Walishukuru kabla ya kupokea. Kitambaa kinanunuliwa, gauni linashonwa, na mwenye haja anasimama mbele ya watu wote anamshukuru Mungu kwa jambo ambalo bado halijatokea. Waliliita gauni la imani. Mwenyekiti wa Umoja alikuwa wifi yake Mama Chiriku, dada wa fundi baiskeli, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu na moyo mzuri, tusimwonee. Magauni yote ya imani yalishonwa na Mama Chiriku. Alimshonea aliyetaka kazi, akapata. Alimshonea aliyetaka mtoto, akapata mapacha. Basi zamu ilipomfikia yeye, angesemaje hapana?

Kitambaa alikichagua Chiriku mwenyewe, akiwa kitandani, kutoka kwenye vipande alivyoletewa. Alichagua njano ya kuumiza macho. Mama yake akamshauri achukue rangi ya upole kidogo, akaambiwa kwamba Mungu yuko mbali sana, rangi ya upole hataiona. Wagonjwa wote wakacheka.

Mama Chiriku alipokuwa anampima mtoto, wifi yake alisimama pembeni. Nguo ya mtoto, kila fundi anajua, huachiwa pindo la ziada huko chini, ili akirefuka unalifumua, unaishusha nguo, na mwaka unapita bila kununua nyingine. Mama Chiriku alikuwa anataka kuacha vidole vinne, kama kawaida. Wifi akatikisa kichwa.

"Pindo dogo ni imani ndogo," akasema. "Acha pana, wifi. Huyu atarefuka mpaka atupite sote."

Chiriku akadakia hapo hapo. Akapanga, kwa vidole, kwamba pindo litafumuliwa kidogo akiingia darasa la tano, kidogo tena akiingia la sita, na kipande cha mwisho kiwekwe akiba mpaka atakapokuwa msichana mkubwa, siku ambayo atakwenda kanisani peke yake bila kushikwa mkono. Mama yake akaacha shibiri nzima. Hakuwahi kuacha pindo kama lile kwa mtoto wa mtu.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele, amelishika gauni lile mikononi, akamshukuru Mungu kwa kumponya mwanawe. Vigelegele vilipigwa. Alhamisi, saa sita mchana, alikwenda bombani kuosha kikombe, aliporudi kitanda cha Chiriku kilikuwa kimya. Jua lilikuwa linawaka. Dirishani watu walikuwa wanatoka sokoni na vikapu vyao, wanasalimiana.

Likaja suala la nguo ya kumzikia. Mama mtu akasema avalishwe gauni lake la njano. Wifi na wakubwa wa kanisa wakakaa pembeni wakanong'ona, wakarudi na jibu kwamba haifai. Kanisa zima liliona gauni lile likishukuriwa. Leo lishuke kaburini, si watu watachanganyikiwa? Kumzika nalo ni kuizika na imani yao. Mama Chiriku hakuwa na nguvu hata ya kufunga kilemba, sembuse ya kubishana. Mtoto akazikwa na gauni jeupe la dukani, mabega yamemlegea, kiuno kimekaa mahali pasipo kiuno. Mtoto wa fundi. Hilo lilimkaa mama yake kooni kuliko hata kifo chenyewe, na asiyejua kazi ya sindano asije akamcheka.

Gauni la njano likabaki kwenye msumari ukutani, juu ya cherehani.

Watu wakaja kumfariji, na kufariji ni kazi ngumu, si kila mtu anaiweza. Mmoja alimwambia Mungu amempenda Chiriku zaidi. Mwingine akamwambia Mungu huchuma maua mazuri ya bustani. Mama Chiriku akamjibu kwamba mwenye bustani yake mwenyewe haendi kuchuma ua moja la jirani, na yule mama akakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wote waliubeba kwa ncha ya kidole. Halafu pole pole wakaacha kumwita Mama Chiriku. Walidhani wanamhurumia. Wakaanza kumwita "Fundi", na kila alipoitwa hivyo alihisi mtoto anazikwa mara ya pili.

Mume wake yeye aliacha kabisa kwenda kanisani. Siku alipoulizwa sababu, aliendelea kusugua mnyororo wa baiskeli mpaka mkewe akadhani hakusikia. Kisha akasema, "Wewe nenda. Mimi nikienda, nitasema." Akarudi kwenye mnyororo wake.

Hilo neno likabaki kichwani mwa mkewe. Nitasema. Kwani ni wapi palipoandikwa kwamba haisemwi?

Basi Jumamosi moja asubuhi wifi yake akaja kwenye chumba cha kushonea, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kwa kuzunguka mbuyu kama wafanyavyo watu wenye ujumbe wa kutumwa. Mwisho akautoa. Kesho ni zamu ya Mama Chiriku kuongoza sala ya kanisa zima. Zamu haikwepeki, lakini wakubwa wameona ni vyema iwe sala fupi, ya shukrani, ili watu waone kwamba amepokea mapenzi ya Mungu. Maana maneno yameshaanza. Kuna wanaosema sala za Umoja zimeishiwa nguvu, na kuna wanaosema Fundi mwenyewe alikuwa na shaka moyoni.

"Shaka," akasema Mama Chiriku.

Wifi akasema si yeye anayesema hivyo. Akainuka, akanyoosha mkono kwenye msumari. Akasema afadhali gauni hili alichukue akalitunze kwake, kila mteja anayeingia hapa analiona, si vizuri.

"Wifi, ukilitoa hapo, utakuwa umenitoa na mimi."

Hakupaza sauti. Mkono wa wifi ukashuka wenyewe. Wakatazamana, wanawake wawili waliojuana tangu mmoja hajaolewa. Wifi akamwambia kwamba kesho akisimama pale akaanza kumhoji Mungu mbele za watu, Umoja utamwondoa, na yeye kama mwenyekiti hataweza kumtetea. Mama Chiriku akamjibu kwamba amesikia. Na alikuwa amesikia kweli. Alijua pia kwamba akiomba sala ile waliyoitaka, ya uongo, ndiyo itakuwa ya mwisho maishani mwake. Huwezi kumdanganya mtu uso kwa uso halafu mkaendelea kuzungumza.

Wifi alipoondoka, Mama Chiriku alikaa kwenye cherehani akakanyaga kanyagio bila kitambaa, sindano inapiga hewa tu. Ama akubali, awe mama mzuri aliyepoa, na ndani mwake Mungu awe amekwisha. Ama aseme alilo nalo, wamtoe. Alitaka kulia, akajikaza, akashika kazi.

Mchana akaingia mwalimu wa chekechea. Huyu hakubisha hodi. Alikuja na blauzi yake mpya mkononi, akaitupa mezani juu ya mikasi na futi.

"Fundi, umeniharibia."

Mama Chiriku akaiinua. Alikuwa ameshona mkono wa kulia kushoto, na wa kushoto kulia. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mwalimu akaanza, na mwalimu yule akianza alikuwa hana breki: kitambaa alikitunza mwaka mzima, shughuli ilikuwa jana, ameivaa hivyo hivyo mabega yamepinda, watu wanamuuliza kama amelalia mkono. Mama Chiriku akataka kuomba radhi, hakupewa nafasi. Halafu mwalimu akavuta pumzi na kusema jambo jingine.

"Na wala usifikiri ni mimi tu. Wenzangu umewaharibia pia tangu msiba. Hawakwambii. Wanapeleka kwa yule fundi wa stendi, kimya kimya, anawatengenezea. Mimi nimekuletea wewe. Ningekuwa nimekata tamaa na wewe nisingekuja kugomba."

Kisha akaona aibu kidogo, akaketi. Akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Pole, Mama Chiriku."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kusikia jina hilo. Mama Chiriku akacheka, kicheko kibaya chenye kamasi ndani yake, na machozi yakamjia hapo hapo bila kuomba ruhusa. Mwalimu akaogopa. Akaambiwa atulie, blauzi itakuwa tayari baada ya muda mfupi. Na kweli Mama Chiriku alichukua wembe, akaifumua ile mikono, akaishona upya mbele ya macho ya mwenyewe, na mshono ulikuwa umenyooka kama wa zamani. Mwalimu akaondoka ameivaa.

Jioni mumewe alikuwa ameinama juu ya beseni la maji, anatafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Mama Chiriku akasimama mlangoni, akamwambia kwamba kesho atasema yeye. Fundi baiskeli hakuinua kichwa. Aliendelea kuuzungusha mpira ndani ya maji mpaka mapovu yakatokea, akaweka kidole juu ya tundu, akakaa hivyo hivyo amelibana.

Jumapili Mama Chiriku alilitoa gauni msumarini, akalipiga pasi, akalikunja, akalitia kwenye mfuko pamoja na wembe wake. Kanisani Mchungaji alimpokea mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye mafua yasiyoisha, na ilionekana hakulala vizuri. Akamwambia kwamba akiona ni vigumu, yeye ataiomba sala ile badala yake, hakuna atakayemlaumu.

"Kilio huanza mfiwa, Mchungaji," Mama Chiriku akasema. "Ndipo wa mbali wakaingia. Hapa mmeingia ninyi kwanza, mkamaliza, mkajifuta na machozi. Mimi hata sijaanza."

Mchungaji akatoa leso, akapenga, akaikunja mara nyingi kuliko ilivyohitaji kukunjwa. Mwisho akasogea pembeni ampishe.

Ilipofika zamu ya sala, mzee wa kanisa akatangaza kwamba sasa Fundi wetu atatuongoza. Mama Chiriku akapanda kwenye jukwaa la ubao, pale pale aliposimama siku ile ya vigelegele. Akasema yeye ni Mama Chiriku, na kama kuna aliyesahau, aanze leo kukumbuka. Akatoa gauni mfukoni, akalitandaza juu ya meza ya mbele. Watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakaviinua. Wifi yake, aliyekuwa mstari wa kwanza, alifumba macho kwa nguvu, na midomo ikambadilika rangi.

Mama Chiriku hakufumba yake. Aliangalia juu, kwenye paa, pale penye bati lenye tundu la mwanga, maana hakujua pengine pa kuangalia.

"Mungu," akasema. "Nimekuja. Sikuja kushukuru. Nilikushukuru mapema, hapa hapa, na shukrani ile hukuifanyia kitu."

Mzee wa kanisa akafanya kama anakwenda mbele, Mchungaji akamshika mkono.

"Wewe unaijua kazi yangu. Mtu nikimharibia nguo, ananitupia mezani, ananiambia, Fundi, umeniharibia. Simfukuzi. Namkalisha kwenye kiti, namsikiliza mpaka amalize. Aliyekata tamaa na mimi haji kugomba, anakwenda kwa fundi mwingine kimya kimya. Mimi sijaenda kwa mwingine. Nimekuja kwako, nguo yangu hii hapa. Umeniharibia."

Mahali fulani nyuma mwanamke mmoja akashusha pumzi kwa sauti. Mama Chiriku akageuza upindo wa gauni, akashika wembe.

"Alichagua njano ili uione. Alisema uko mbali. Haya, iangalie. Na hili pindo, shibiri nzima, nililiacha kwa neno lako. Waliniambia ni neno lako. Kama wewe hukulisema, ulikuwa wapi lilipokuwa linasemwa? Ungeniambia, Mama Chiriku, acha vidole vinne tu. Ungeniambia usiache kitu. Ningemshonea la kumtosha siku ile ile, akalivaa kitandani akawaringia wagonjwa wenzake, akafa amelivaa. Hata hilo ulininyima."

Akaanza kufumua. Lakini pindo kubwa halifumuliwi kwa mikono miwili. Mtu mmoja hukata na mwenzake huvuta, kitambaa kikae wima, wembe usipotee njia. Gauni likawa linateleza mezani, linakunjamana, wembe unakwama. Yeye akaendelea kuomba, sauti sasa imeanza kupasuka.

"Ulimpa mtoto maneno yote yale, kisha ukamnyima pumzi ya kuyasemea. Nieleze ulikuwa unafikiri nini. Mwanao wewe alipokufa, jua lilifunikwa, nchi ikatikisika, kila mtu akajua kuna mtu kafa. Wangu amekufa jua linawaka, watu wanatoka sokoni. Na wako ulirudishiwa siku ya tatu. Wangu? Nimekaa, nimesubiri. Nimehesabu ya tatu, nikahesabu na zilizofuata."

Hapo wifi yake akatoka kwenye nafasi yake. Kanisa zima likajua sasa yamekwisha, mwenyekiti anakwenda kumshusha. Akatembea mpaka mbele. Mama Chiriku akamwona anakuja, akakaza kidole kwenye wembe, akajiambia moyoni kwamba hashuki ng'o, labda wambebe.

Wifi akafika mezani. Akaishika ncha ya pili ya pindo, akaivuta, kitambaa kikasimama wima.

"Ni mimi," akasema, na ile sauti yake ya kuamsha wafu ilikuwa imekuwa ndogo sana. "Si yeye, Mungu. Pindo nilisema mimi. Nilimwambia mtoto atarefuka. Nilimtazama machoni nikamwambia."

Mama Chiriku akamtazama. Angeweza kumsamehe pale, watu wangependa, ingekuwa sala nzuri. Hakufanya hivyo. Alipeleka wembe, na safari hii ulikwenda bila kukwama, uzi unakatika tik, tik, tik, mpaka upande wa pili. Akalichukua gauni kwenye mabega, akalinyanyua juu kwa mikono yote miwili. Pindo lote likashuka. Sehemu ya juu ilikuwa imepauka kwa kukaa ukutani, na ile shibiri ya chini, iliyojificha ndani, ilikuwa njano kali kama siku ilipochaguliwa.

"Huu ndio urefu wake," akasema. "Hapa angekuwa darasa la tano. Hapa la sita. Hapa angekuja kwako mwenyewe, bila kushikwa mkono. Sikukushukuru kwa hili na sitakushukuru. Lakini sikuachi. Usifikiri nimekuja kukuaga. Waliniambia nikusifu, nikanyamaza, kumbe kule kunyamaza ndiko kulikokuwa kuondoka. Leo nimerudi. Nimekasirika, na nimerudi. Nitakaa kwenye kiti cha wateja mpaka uniambie."

Akashusha mikono. Watu wakangoja neno la mwisho, lile linalowaruhusu kukaa.

"Amina sisemi. Hatujamaliza."

Akashuka kwenye ubao, gauni mkononi. Sasa pale kanisani palikuwa na bibi mmoja, ajuza kabisa, aliyezoea kuitikia amina kwa kila kitu, hata matangazo ya kupotea kwa funguo. Alifungua kinywa aitikie, akakifunga. Kanisa zima likabaki limesimama, hakuna aliyejua jinsi ya kukaa baada ya sala isiyo na mwisho. Kisha wifi akalia. Hakulia kilio cha mwenyekiti, alilia kama mtoto aliyeanguka, amekaa chini kwenye ubao, miguu ameinyoosha. Akafuata yule aliyeshusha pumzi kule nyuma, ambaye watu walisahau kwamba alizika mume mwaka uliopita na akatoa ushuhuda wa furaha wiki ile ile. Akafuata mwingine, na mwingine. Mwalimu wa chekechea akalia ndani ya blauzi yake iliyonyooka. Mchungaji hakuhubiri neno alilokuwa ameliandaa. Alivua miwani, akakaa kwenye ngazi na watu wake, akalia na mafua yake yote, na asubuhi ile ikaishia hivyo.

Mama Chiriku alipogeuka kutafuta mahali pa kukaa, akamwona mumewe. Alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kazi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Haikujulikana amefika saa ngapi. Akasogea kwenye benchi la mwisho akakaa, akapapasa nafasi ya pembeni yake, akaacha hapo alama nyeusi ya kiganja. Mkewe akaenda akakaa juu ya alama ile. Alilitandaza gauni kwenye magoti yao wote wawili, na baba mtu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo ili asilichafue.

Umoja ulikaa kikao wiki ile, na mwenyekiti akawaambia kwamba atakayetaka kumwondoa Mama Chiriku aanze na yeye. Suala likafia hapo. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Siku ile, watu walipokuwa wanatoka, macho mekundu, wanaogopa kuangaliana, yule bibi wa amina alimfuata Mama Chiriku kwenye ngazi za nje, akamshika kiwiko.

"Mwanangu," akamuuliza, "hiyo amina yako, lini?"

"Akinijibu, bibi."

"Na asipojibu?"

Mama Chiriku akalikunja gauni la njano, akalitia mfukoni, akaufunga mfuko vizuri.

"Jumapili ijayo nitakuja tena. Gauni ninalo, na nyumba yake naijua."